Siku Nilipolishtaki Tope

Wanawake wa rika langu waliporwa waume na wanawake wenzao, nami nawaonea wivu hata kwa hilo. Mke mwenza ana miguu, ana nywele, ana mama yake. Unaweza kumvizia kisimani ukamtolea maneno mpaka ndoo imdondoke. Mimi mume wangu alichukuliwa na tope. Tope la ziwa lililokauka kabla Adamu hajapuliziwa pumzi, likalala chini ya ardhi huko kaskazini, na hakuna kisima ambako ningelivizia.

Ilikuwa miaka ile miwa ilipokuwa mfalme kwetu nilikoolewa, Kabras. Mwenye kipande cha shamba alipanda hadi mlangoni, na wengine walipanda hadi juu ya kaburi la babu wakisema babu alipenda vitu vitamu. Nyumba zilivuliwa nyasi zikavishwa mabati. Matrekta yalipita yakiangusha miwa njiani na watoto wakawa hawana njaa ya mchana. Mume wangu alikuwa fundi wa pampu kiwandani. Alirudi jioni akinuka grisi na maji ya miwa, na harufu ile niliipenda kuliko sabuni. Ningeachwa na harufu ile tu ningekuwa nimetosheka.

Kisha wakaja wageni wa kampuni ya kutafuta mafuta ya petroli. Mafuta yenyewe hawakuyatafuta kwetu. Walikuja kutafuta watu wanaojua pampu, kwa kuwa sifa za mafundi wa sukari zilikuwa zimeenea. Mume wangu akaniambia ni kazi ya msimu mmoja, atakwenda na kurudi. Nikamfungia soksi mpya na mkate wa mahindi. Yale ya msimu mmoja mnayajua wenyewe. Msimu ulizaa msimu.

Aliporudi likizo ya pili nilimwona amenenepa. Wifi yangu, dada yake mwenyewe, ambaye ulimi wake haukujua ndugu wala jirani, alimtazama akila, akanikonyeza.

"Huko kaskazini ni jua na mbuzi," aliniambia jikoni. "Mwanaume akitokanga huko na mashavu, ujue kuna mtu anampikia."

Moyo wangu uliwaka. Siku hiyo hiyo, mume wangu alipokwenda kuoga, niliufungua mfuko wake. Nilitafuta kanga, nilitafuta picha, nilitafuta kitana chenye nywele ndefu. Nilipata mawe. Yalikuwa yamefungwa ndani ya zile soksi nilizomnunulia mimi, moja moja, kwa upole, kama mayai. Moja lilikuwa jeusi, la mviringo, nene kama gunzi la mahindi, limekatwa na mashine. Ukilitazama kwa ubavu lilikuwa na tabaka nyembamba sana, moja juu ya nyingine, kama chapati zilizopangwa kwenye sahani ya harusi.

Alinikuta nimelishika. Hakukasirika. Heri angekasirika. Alilichukua mkononi mwangu kwa mikono miwili, akalipulizia, akalinusa, kisha mume wangu wa ndoa ya kanisa akalilamba.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Ukililamba unaonanga rangi yake vizuri," alisema. "Na ulimi unajua kama ni tope laini au lina mchanga. Mwalimu wetu kule, yule mtaalamu wa miamba, anafanyanga hivyo kila siku. Nusa, mama watoto."

Nikanusa. Lilinuka kwa mbali, kama utambi wa taa ya chemli asubuhi baada ya kuzimwa. Nikamrudishia. Nilikuwa nimejiandaa kupigana na mwanamke, na sasa nimesimama mbele ya jiwe linalonuka taa, na wivu haukupungua hata tone. Ulibadilisha tu mahali pa kukaa.

Jioni ile nilikuwa napika sukari nguru ya kuuza sokoni, maji ya miwa yanachemka kwenye karai pana, naye akaja akachutama kando ya moto na kuanza kunihadithia habari za huyo mpenzi wake. Palikuwa na ziwa, alisema, kubwa, mahali ambapo sasa ni jangwa. Juu ya maji kulikuwa na vimimea vidogo visivyoonekana, vingi hata maji yakawa kijani. Vilikufa, vikazama. Chini kabisa hakukuwa na hewa, kwa hiyo havikuoza vyote kama majani yanavyooza shambani. Tope likavifunika. Mito ikaleta mchanga juu ya tope, tope jingine juu ya mchanga, na ardhi yenyewe ilikuwa inadidimia taratibu kama kitanda cha kamba kilicholegea, basi kila kilicholetwa kilipata nafasi. Mamilioni ya miaka. Na kadiri tope la kwanza lilivyozidi kushuka, ndivyo joto lilivyozidi, maana tumbo la dunia ni moto.

"Kwa hiyo lilipikwa," nikasema, nikiwa nakoroga.

"Lilipikwa!"

"Na likipikwa kidogo?"

"Halitoi kitu."

"Likipikwa sana?"

"Mafuta yanageuka gesi. Likizidi tena, yote inaisha, inabaki makaa."

"Ni kama hii, basi," nikasema. "Ukiepua mapema umepata maji matamu. Ukichelewa umepata masizi."

Akanishika mkono, ule wenye mwiko, akanitazama usoni kama alivyonitazama siku ya kunichumbia. "Sasa umeshika!" alisema. "Wenzangu wengine kule bado hawajashika." Uso wake uling'aa. Ilikuwa mara ya kwanza kunishika mkono tangu afike, na aliushika kwa sababu ya tope. Nikaukoroga ule uji wa sukari kwa hasira mpaka ukanirukia kifuani.

Siku chache baadaye akanipa habari yenyewe. Bosi wake alikuwa amemchagua. Wangempeleka ng'ambo kufundishwa kazi ya kusimamia mtambo wa kuchimba, kisha arudi kaskazini kwenye kisima kikubwa walichokuwa wanakipanga, na baada ya hicho vingine. Ilikuwa kazi ya miaka. Alitakiwa kutoa jibu likizo ikiisha. Nilikuwa na watoto wawili miguuni na wa tatu tumboni, na nilijua kuhesabu: hao watoto wangekua wakimwita mgeni. Nilimtaka nyumbani. Sikutaka kitu kingine chochote, si bati jipya, si redio.

Nilianza kwa njia ya upole, msinione mkali tu. Niliwaza hivi: kama ni mafuta anayoyataka, nimtafutie mafuta hapa hapa. Chini ya shamba letu la miwa kulikuwa na bonde lenye kinamasi. Kando yake kulikuwa na chemchemi ndogo, na juu ya maji yake, penye kivuli, siku zote kulikuwa na utando wenye rangi za upinde wa mvua, kama wa dizeli iliyomwagika. Na katika kinamasi chenyewe, mahali wenye mashine za sukari nguru walipotupa makapi ya miwa mwaka baada ya mwaka, mapovu yalikuwa yakipanda yenyewe, blu, blu, blu. Vitu hivi tulikuwa tukivipita kila siku na ndoo kichwani. Hakuna aliyevijali. Sasa mimi nikaviona kwa macho ya mwanamke anayepokonywa.

Nilikwenda na wifi na kibiriti. Yeye alikoroga kinamasi kwa mti mrefu, mimi nikawasha. Moto uliruka buluu, ukasema fuu, ukala nyusi zangu za upande wa kulia. Wifi alianguka kwa kucheka, kisha akaanza kupiga vigelegele, maana gesi tumeipata, tumetajirika, tutanunua Kakamega nzima pamoja na msitu. Nilikimbia nyumbani kumwita mume wangu nikiwa na nyusi moja, na njiani nikawa nimeshamjengea ofisi palepale penye mgomba wa mwisho.

Akaja. Hilo nitamshukuru, alikuja mbio. Alipoona rangi kwenye maji alipiga magoti, na uso wake ukawa ule wa kule kwenye karai. Nikasema moyoni, haya, nimeshinda. Kisha akachukua kijiti akauchora utando katikati. Ukavunjika. Ulipasuka vipande vipande vyenye kona, kama ngozi ya uji uliopoa ukiugusa na kijiko, na vipande vikaelea kila kimoja kivyake.

Akakaa kitako kwenye majani.

"Mafuta ukiyakata yanarudiana," alisema taratibu. "Yanajifunga tena. Hii imevunjika, haijarudiana. Ni kutu ya udongo, na vijidudu vinavyoilanga."

"Na moto je? Nyusi zangu zimekwenda wapi?"

"Hiyo ni gesi kweli, mama watoto. Lakini ni ya juzi. Ni makapi yanaoza. Haina kifuniko, inazaliwa na inatoka. Hata kujaza puto huwezi." Akaokota jiwe la pembeni, la kwetu, zito, lenye vimetameta, akaligonga kwa jingine. "Na chini hakuna kitu. Haya mawe yetu ni wazee kupita kiasi. Yalikuwako kabla ziwa lile halijafikiriwa, na yameungua, yamekunjwa, yamekauka. Ndiyo sababu wazungu walichimbanga dhahabu hapa. Dhahabu inakaa na wazee. Mafuta inataka bonde lililojazwa matope na michanga. Hapa hakuna kitu."

Aliongea kwa huruma, kwa sauti ya chini, akiniangalia vizuri. Lakini nilikuwa nimesimama palepale, na tumbo langu, na nyusi zangu zilizoungua kwa ajili yake, na nyuma yangu ekari za miwa nilizopalilia kwa mikono hii, naye ananiambia hapa hakuna kitu. Najua alisema habari za mawe. Sikutaka kujua. Nilipanda mlima, nikamfunga mdogo mgongoni, nikamshika mkubwa mkono, nikaenda zangu kwetu nilikozaliwa, Musanda.

Kwetu mwanamke aliyeolewa kwa heshima haendi kwao kimchezo. Ukirudi kwenu na watoto, ni kesi tayari. Mume hukupa siku za kupoa, kisha huja na wazee wa upande wake, wanakalishwa, na mbele ya wazee wako unatakiwa kusema alichokukosea. Yeye anajibu. Atakachokiahidi pale ni sawa na kiapo. Akikivunja, ameaibisha ukoo mzima. Nilijua kabisa nilichokuwa nakwenda kufanya. Maneno yangu mwenyewe hayakumzuia, basi nilikwenda kuazima ya wenye mvi.

Wakaja alasiri, mume wangu na wazee wawili wa kwao. Baba yangu alikuwa mtu wa kanisa asubuhi na mtu wa chungu baada ya chakula, na siku hiyo chungu cha busaa, pombe yetu ya nafaka, kilikuwa katikati ya sebule, kimezungukwa na ami zangu, kila mmoja na mrija wake mrefu mdomoni. Mama hakuwemo. Kwa mila zetu mama mkwe na mkwe wake hawatazamani ana kwa ana, wala mkwe hathubutu kumbishia. Mama alikuwa upande wa pili wa ukuta, jikoni, na ukuta wa udongo una masikio kuliko watu. Mimi nilikaa kwenye mkeka karibu na mlango nikiwa na birika, maana chungu kikipungua ni mwanamke anayekiongezea maji ya moto, hata kama kesi ni yake.

"Mwanetu," ami mkubwa alianza, "huyu amekupiga?"

"Hapana."

"Amekunyima chakula?"

"Hapana."

"Basi kuna mwanamke."

"Hapana, ami. Kuna tope."

Mirija yote ikatoka midomoni. Nikaeleza. Nikaeleza habari za ziwa, na jiwe la kwenye soksi, na ulimi wake juu ya jiwe, na ng'ambo, na miaka. Kadiri nilivyoeleza ndivyo wazee walivyozidi kuangalia chini, na mabega yao yalikuwa yakitikisika. Ami mdogo alishindwa kabisa, akatoka nje kucheka. Nimeona aibu mara nyingi maishani lakini ile ilikuwa mama yao. Hakuna mila inayofundisha jinsi ya kumshtaki mke mwenza asiyekuwa na mwili.

"Hebu mkwe wetu," ami mkubwa alisema, akijifuta macho, "tuambie hii kitu. Mafuta inakaanga kama ziwa huko chini?"

Hapo ndipo nilipojua nimeanza kushindwa, kwa sababu walimpa nafasi ya kusema juu ya tope. Mume wangu alisogea mbele kidogo. Kunywa kwenye chungu cha wakwe hakuruhusiwa, kwa hiyo alikaa mbali na kukionyesha kwa kidole tu, akimtazama ami mkubwa.

"Baba, ukivunja hicho chungu sasa hivi, utakuta ziwa la pombe ndani?"

"Nitakuta machicha."

"Na pombe iko wapi?"

"Si imo katikati ya machicha."

"Ni hivyo hivyo. Chini hakuna ziwa. Kuna mchanga uliokandamizwa ukawa jiwe, na mafuta yamo katikati ya punje zake. Sisi tunashusha mrija. Na kama mirija yenu ilivyo na kichujio kwenye ncha, na yetu ni hivyo, ili tusivute mchanga."

"Kumbe!" wazee walisema.

"Na imefikaje huko kwa mchanga? Imetoka kwa tope lililopikwa, chini zaidi. Tope linakamuliwa kama miwa. Mafuta ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo inapandanga, inapenya kwa vitundu, inapanda, miaka na miaka. Ikikosa cha kuizuia inatoka juu ya ardhi na kupotea. Lakini ikikuta juu yake udongo mzito usiopitisha kitu, uliokunjwa kama bakuli lililofunikwa kichwa chini, inakusanyika hapo chini ya mgongo wa bakuli. Gesi juu, mafuta katikati, maji ya chumvi chini. Hapo inakaa. Inangoja."

Aliposema inangoja, sauti yake ililegea. Mimi nilikuwa na birika la moto mkononi na ninaapa nilifikiria kummwagia. Mtu huyu alinioa kwa ng'ombe na maneno machache. Siku ya harusi alitakiwa kunisifu mbele ya hawa hawa wazee, akasema nina bidii. Bidii! Na leo tope lina wepesi, lina subira, linapanda, linakusanyika, linangoja. Wazee walikuwa wamesahau kunywa. Mmoja aliuliza kama na sisi tuna bakuli la namna hiyo, mwingine kama ufa katika bakuli unaweza kuzibwa. Nilijua kwamba kama ingepigwa kura pale, wangempakia mume wangu kwenye lori wenyewe na kumpungia mikono.

Ndipo ukuta uliposema.

"Mkwe wetu," ilikuwa sauti ya mama, ya polepole, ikitoka jikoni pamoja na moshi. "Nimekusikia. Hiyo mafuta imengojanga tangu mbele ya Adamu?"

Mume wangu aliinamisha kichwa papo hapo. "Ndiyo, mama."

"Haijachoka?"

"Haijachoka, mama."

"Basi haiwezi kungoja kidogo tu, hawa watoto wamalize shule?"

Ami mkubwa alirudisha mrija wake chunguni pole pole. Mume wangu alikuwa na majibu. Nilimwona yakimjia na kumtoka. Angeweza kusema kwamba mafuta itangoja lakini kampuni haitangoja, kwamba nafasi ni moja. Kwa mtu mwingine yeyote angesema. Lakini mama mkwe habishiwi.

"Itangoja, mama," alisema.

Imekwisha. Wazee walipiga makofi. Akaletewa obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, na firigisi juu kabisa kama heshima ya mkwe, na firigisi ile ikapoa kwenye sahani bila kuguswa. Mimi nilikula vizuri sana.

Alitimiza neno lake, na sitamsingizia. Alirudi kiwandani kwenye pampu zake, akawa nyumbani kila jioni, hakulewa, hakununa. Watoto wakafika wanne. Majirani walinionea gere, wakisema nina mume anayekaa. Na mimi nikamwonea wivu mwenzangu wa kaskazini kuliko mwanzo, kwa sababu kila jioni watoto walimwomba awahadithie lile ziwa, naye aliwahadithia mpaka wakalala, kwa vimimea vyake na mito yake na samaki wenye meno. Siku moja nikapiga kelele kutoka chumba cha pili: "Waambie ulivyonioa mimi!" Akafikiri. "Nilimwona sokoni," akawaambia. "Nikatuma wazee. Akakuja." Watoto wakangoja. Hakukuwa na zaidi. Wakasema, rudi kwa ziwa.

Miwa iliendelea kututajirisha kidogo kidogo. Kisha, mchana mmoja, dereva aliyefanya kazi naye kule alipita akielekea kwao, akaingia kumsalimu. Alikuwa na habari. Kile kisima kikubwa kilikuwa kimechimbwa. Walishuka na kushuka, wakatoboa kifuniko, wakafika kwenye mchanga, na mchangani wakakuta maji ya chumvi. Maji matupu. Kampuni ilikuwa imefungasha mitambo na kuondoka.

Nilichinja jogoo. Wageni wote waje, ningewachinjia. Niliimba nyimbo za kanisa jikoni kwa sauti ambayo kwaya haikuwahi kunisikia nayo. Lilikuwa tupu! Yule mwanamke aliyeniibia usingizi miaka yote, amefunuliwa, na ndani hana kitu! Niliingia sebuleni na chai nikiwa nataka kumwona mume wangu amekunjuka, amerudi kutoka huko alikokuwa.

Alikuwa anachora kwa kidole juu ya vumbi la meza. "Walishuka upande huu," alikuwa akimwambia dereva. "Huu upande ardhi imepasuka, bakuli lina ufa. Mafuta imevuka. Imo upande ule. Niliwaambianga." Hakuwa na huzuni hata chembe. Macho yake yalikuwa yaleyale ya kwenye karai.

Nikasimama na birika langu. Nilielewa wakati huohuo, na sikupenda kuelewa. Mwenzangu yule angekuwa wa nyama angezeeka, angegombana naye, angemuunguzia mboga. Mume wangu angekwenda, angesimama yeye mwenyewe kwenye mtambo siku ile yanatoka maji ya chumvi, angeyalamba akayatema. Lakini sisi tulimzuia, mimi na mama yangu na mila zetu, na kwa hiyo kwake lile bonde halijawahi kukosa mafuta. Litabaki limejaa mpaka tunakufa.

Dereva alipoondoka nilimuuliza. Ilibidi nimuulize.

"Ungekwenda kwenye kile kisima, ukakuta ni maji, ungefanya nini?"

Alinishangaa. "Ningerudi nyumbani."

"Na kama ungeyakuta mafuta?"

"Si ningerudi tu? Nyumbani ni hapa. Nilikuwa nikirudinga kila likizo. Hukuwa unaona?"

Nilikuwa nikiona. Hamjaniuliza alivyokuwa akirudi, nami sikusema kwa sababu ya hasira. Alikuwa akishuka barabarani, haji kwa njia kuu bali anakata katikati ya miwa ili afike haraka, na mimi nikiwa uani nilikuwa naona vilele vya miwa vikitikisika, kwanza mbali, kisha karibu, upesi upesi, mstari ulionyooka kuja kwangu. Alikuwa akitokea akihema, amechanwa uso na majani, na kabla ya kuwatazama watoto alikuwa akinitafuta mimi kwa macho. Tangu wazee wa Musanda wanipe haki yangu, sijaona miwa ikitikisika hivyo tena. Mtu asiyeondoka atarudi vipi?